Jaji Ramadhani na Kalamu ya Hukumu

Julai 2015, John Magufuli, mbunge wa Chato, aliteuliwa na Chama cha Mapinduzi kugombea urais; miongoni mwa makada wengi waliochukua fomu alikuwamo pia Augustino Ramadhani, mzaliwa wa Zanzibar, brigedia wa jeshi na kasisi wa Kianglikana, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia 2007 hadi 2010.

Maandishi yake mazito ya sheria yamo katika hukumu. Mwaka 2010, jopo la majaji saba wa Mahakama ya Rufani aliloliongoza liliamua kwamba suala la mgombea binafsi, yaani anayewania uongozi bila kudhaminiwa na chama, lilipaswa kumalizwa na Bunge, chombo chenye mamlaka ya kubadili Katiba. Juni 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliona kuwa katazo la mgombea binafsi linakiuka haki za raia. Ramadhani alikuwa jaji wa mahakama hiyo, lakini hakusikiliza shauri hilo, kwa sababu kanuni za mahakama humzuia jaji kuketi katika kesi ya nchi yake.

Ni jambo la kustaajabisha kwamba aliyewaachia wanasiasa swali hilo alijitosa mwenyewe katika siasa akiwa na umri wa miaka 69, wakati ule akiwa Rais wa mahakama hiyo ya Arusha. Alifariki Aprili 2020.