Vituo vya Safari



Katika kitabu cha nne cha Musa, yaani Hesabu, sura ya 33, imo orodha ambayo wasomaji wengi huiruka. Ni majina ya makambi tu, yakifuatana tangu Ramesesi hata nchi tambarare ya Moabu kando ya Yordani. Lakini aya ya pili yatuambia ya kuwa Musa aliyaandika kwa amri ya Bwana. Basi hatuna ruhusa kuyaruka.

Tena tusidhani ya kuwa jangwa lile lote lilikuwa mchanga mtupu. Neno la Kiebrania lina maana ya nchi isiyolimwa, ya malisho, kama tusemavyo nyika; ndiyo maana Musa aliweza kuchunga humo kondoo za mkwewe. Mtu wa Njombe aliyezoea ukungu na baridi, akishuka Makambako na kushika barabara ya Mbeya mwezi wa Oktoba, ataielewa sura hiyo kwa macho yake: majani yamekauka, vumbi jekundu limefunika vichaka, na ng'ombe hutafuta maji mbali.

Njia hiyo tuliifuata pamoja na waalimu na wainjilisti kadhaa, tukisimama mahali pa kutazamwa. Pa kwanza ni maporomoko ya Luhuji, karibu na mji wa Njombe, kando ya barabara ya Makambako. Hapo kila mtu alitoa simu yake kupiga picha, wala hatuwalaumu, maana ni pazuri. Ndipo Elimu yetu, ingawa mitende 70 haipo. Maji yale huteremka mpaka Kilombero, na kutoka huko huingia Rufiji.

Makambako tulisimama stesheni ya reli ya TAZARA, iliyojengwa tangu mwaka 1970 hata 1975 na Watanzania, Wazambia na Wachina, urefu wake kilometa 1,860 toka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi. Kipande cha Mlimba mpaka Makambako kilikuwa kigumu kuliko vyote, kwa kuwa njia hupanda mlima kwa madaraja na mahandaki. Kisha tukafika Igawa, penye mto Mbarali. Nao hushuka kutoka nyanda za juu, huinywesha mpunga wa Usangu na kuingia Ruaha Mkuu. Na Ruaha Mkuu, ambao tangu miaka ya 1990 hukatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, nao huenda Rufiji. Kwa hiyo maji yaachanayo katika milima yetu hukutana tena mbali sana.

Kituo kimoja tumekiacha mpaka sasa kwa makusudi, ingawa ndicho tulichoanzia: Yakobi, karibu na Njombe. Hakuna maporomoko hapo. Vita vya Maji Maji vilianza mwezi wa Julai 1905 katika vilima vya Matumbi, watu wakiamini ya kuwa dawa ya maji itazigeuza risasi. Mwezi wa Septemba vilifika kwetu. Wapiganaji wa Mtwa Mbeyela waliishambulia stesheni ya misioni ya Yakobi. Mmisionari Gröschel wa Misioni ya Berlin na watu waliokuwa pamoja naye wakajitetea, na wale waliokuja wakashindwa. Wazee wa huko hawakuviita vita vya Maji Maji. Waliviita vita vya Korosani, maana ndivyo walivyolitamka jina la Gröschel. Nasi twaona jina hilo lina habari ndani yake: kwao haikuwa vita ya nchi nzima, ilikuwa shauri la mji wao na mtu waliyemjua. Kisha askari wa Wadachi walichoma vyakula na mashamba, njaa ikaingia, ikaua wengi kuliko bunduki.

Sasa, ndugu, tulipokuwa tumesimama pale, kijana mmoja wa darasa la kipaimara aliuliza: Babu zetu walikuwa upande gani? Mwalimu wake alinyamaza. Katika sikukuu za usharika husimuliwa waliokuwa ndani ya stesheni, nao wastahili heshima. Lakini waliokuja na mikuki walikuwa ndugu zao, wa lugha moja. Wajukuu wao leo huketi katika mabenchi yale yale, hupokea Meza ya Bwana pamoja nasi, na habari za wazee wao hawazitaji kwa haya.

Musa hakufanya hivyo. Aliandika Elimu yenye chemchemi 12, akaandika na Refidimu ambapo watu walikosa maji. Akaandika Kibroth-Hataava, na jina hilo maana yake ni makaburi ya waliotamani. Jina la Yakobi nalo latukumbusha Yakobo wa kale, aliyemwona Esau akija na watu 400, akaogopa, akawapanga watoto wake nyuma. Someni Mwanzo 33 mjue waliangukiana shingoni namna gani, na ni nani aliyekimbia kwanza kumlaki mwenziwe.

Basi waalimu na wainjilisti, twawaomba neno moja. Chukueni daftari, mkaketi na wazee wa Yakobi na wa vijiji vya jirani. Andikeni majina ya waliokuwa ndani na ya waliokuja kutoka nje, bila kuyatenga kurasa mbalimbali. Andikeni na waliokufa kwa njaa, na mahali walipozikwa. Musa alipofika habari za Haruni katika mlima wa Hori alitaja mwaka, mwezi na siku, na umri wake miaka 123. Nanyi mkipata umri, uandikeni. Anzeni na wazee waliopita miaka themanini, tena nendeni kabla ya mvua, maana njia za vijijini zikilowa gari halifiki.