Kidonge cha Maumivu na Huruma



Nyumba nyingi hazikosi vidonge vya kutuliza maumivu. Kichwa kikiuma, au mgongo baada ya palizi, twameza viwili kwa maji na kuendelea na kazi. Kinachotumika zaidi ni parasetamoli, ambayo Wamarekani huiita asetaminofeni. Twajua kwamba hutuliza maumivu na kushusha homa. Je, yaweza pia kugusa moyo?

Swali hili si la mzaha. Mwaka 2010 Nathan DeWall na wenzake huko Marekani walitangaza jaribio walilofanya kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Wengine walipewa dawa hiyo kila siku kwa majuma matatu, wengine kidonge kisicho na dawa ndani. Wale wa dawa walieleza kwamba uchungu wa kudharauliwa na kutengwa ulipungua kadiri siku zilivyopita. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State waliwaonyesha watu picha za kusikitisha na za kufurahisha. Waliomeza gramu 1 hawakusikitika sana, lakini pia hawakufurahi sana. Mwaka 2016 likaja jambo zito zaidi: waliomeza dawa, waliposoma habari za watu walioumia, waliyaona maumivu ya watu hao kuwa madogo kuliko walivyoyaona wenzao.

Tusitie chumvi. Tofauti hizo zilikuwa ndogo, na majaribio mengine hayakukubaliana nazo kwa kila jambo. Walakini lugha yetu haitushangazi hapa. Neno uchungu twalitumia kwa mama anayejifungua na kwa mtu aliyefiwa. Jino huuma, na neno la ndugu huuma.

Basi tufanyeje? Kuna atakayesema, afadhali tuviache vidonge tusije tukawa na mioyo migumu. Sikubaliani naye. Mwenye jino linalomtwanga usiku kucha hana huruma nyingi asubuhi. Huwafokea watoto na kumjibu jirani kwa ukali. Mwingine atasema, kumbe ni dawa ya majonzi, tumeze tukifiwa. Huyu naye amepotea. Dawa hii ikizidi huharibu ini, na mtu mzima hapaswi kupita gramu 4 kwa siku. Tena aliyefiwa anahitaji watu wa kukaa naye.

Swali kubwa ni hili: ikiwa kidonge chaweza kuipunguza huruma, huruma yenyewe ni kitu gani? Kama ni msisimko wa moyo tu, basi ni kama chai, yapoa upesi. Hata njaa huipoza, hata uchovu, hata kuzoea kuona shida. Mwalimu aliyefundisha darasa la watoto sitini anajua kwamba hawezi kuguswa na kila machozi. Lakini aliye mwema huuliza kila mtoto anayelia ana nini.

Katika mfano wa Msamaria, huruma ilimshika yeye kwanza, kisha ikawa mafuta, divai na dinari mbili. Lakini mtazameni na mwenye nyumba ya wageni. Luka hatuambii kama aliguswa moyoni. Alipokea fedha, akaachiwa kazi ya kumtunza mgonjwa. Ikiwa aliifanya vema, majeruhi yule alipata chakula na maji vilevile.

Sidharau kuguswa moyo; ni zawadi, nayo hutuamsha. Ila wajibu wetu kwa jirani usingoje zawadi hiyo. Ukiletewa habari ya msiba nawe ukaona moyo haukushtuka, huenda ni uchovu, huenda ni kidonge ulichomeza asubuhi. Usikae kuupima moyo wako. Chukua kanga yako au koti lako, uende. Ukifika, uliza wamelala vipi, wamekula nini, nani atachota maji. Mfiwa hana haja ya kujua moyo wako ulipiga namna gani njiani.