Kufunika ao Kuonyesha Uzee?
Sinema fupi za nyimbo zina desturi yao: mwimbaji aonekane kijana, mwenye afya na mali. Mwaka 2003 Mark Romanek, aliyeongoza ile ya «Hurt», aliivunja. Alimwonyesha Johnny Cash, mzee wa Marekani mwenye miaka 70 na zaidi, mkono watetemeka akimwaga divai mezani, nyumba ya makumbusho yake imeharibika.

Je, ni haki? Kwetu mtoto akikuta baba amelala vibaya humtupia nguo, akageuka. (Wanaovunja desturi kwa kushangaza watu tu, tuwaache.) Lakini baba yule amelala, Cash alikuwa macho, aliketi mwenyewe na gita lake. June, mkewe, alimtazama kutoka ngazini. Alikufa Mei mwaka ule. Cash akamfuata Septemba.