Upande Gani, Skyrim?

Skyrim, gemu ya Bethesda, ilitoka Novemba 2011, na mpaka leo ukitaja jina la Ulfric Stormcloak mbele ya wachezaji, ugomvi unaanza. Huyu atakwambia ni mkombozi, yule atakwambia ni mbaguzi aliyemuua mfalme Torygg kwa uchu wa kiti. Mie ugomvi huo naupenda, maana ndani yake kuna swali la kweli: mtu mwenye akili zake anachaguaje upande katika vita ambavyo hakuna aliye msafi?

Angalia gemu inavyotuchaguza. Unapelekwa Helgen kukatwa kichwa, na jina lako halimo hata kwenye orodha. Joka linavamia, kila mtu anakimbia, na watu wawili wanakuita: Hadvar, askari wa Dola, na Ralof, muasi. Wote wawili ni wa kijiji kimoja, Riverwood. Ukimfuata Hadvar, utapokelewa na mjomba wake mhunzi. Ukimfuata Ralof, utapokelewa na dada yake mwenye kiwanda cha mbao. Unakula, unalala, na kesho yake tayari una "watu wako". Hoja zinakuja baadaye, kutetea mkono uliokushika kwanza.

Na hoja zipo. Dola ilisaini mkataba na Thalmor, na mkataba huo ukapiga marufuku ibada ya Talos. Sasa watu wanakamatwa kwa kusali. Nani asiasi hapo? Lakini nenda Windhelm, makao ya waasi. Mlangoni tu utamkuta Rolff Stone-Fist akimtukana mwanamke wa Kidunmer na kumwita jasusi. Wadunmer, wakimbizi kutoka Morrowind, wamesongamana katika mtaa mchakavu wa Gray Quarter, na Waargonia hawaruhusiwi hata kulala ndani ya kuta, wanaishi bandarini. Uhuru anaoupigania Ulfric una mlango, na si kila mtu anafunguliwa.

Wengine husema: basi, nisichague. Gemu inakuruhusu. Unaweza kupatanisha pande zote High Hrothgar kwa muda, ukamalize habari ya majoka na uende zako. Ila kutochagua kuna anayekulipia. Dola ikishinda, kiti cha Windhelm anapewa Brunwulf Free-Winter, mtu anayewatetea Wadunmer waziwazi. Ukikaa pembeni, Ulfric anabaki kitini na Gray Quarter inabaki vilevile.

Lakini kabla hujashangilia Dola, ingia ubalozi wa Thalmor ukasome faili la Ulfric. Utakuta kwamba Thalmor hawataki hata waasi washinde. Wanachotaka ni vita viendelee. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Hapo kila upande unaweza kuwaambia wenzake: mnaona, tunatumika! Na pande zote mbili zitakuwa zimesema kweli.

Kwa hiyo swali la "nani mwenye haki" halinitoshi. Pande zote zina haki kidogo na damu nyingi. Mimi najiuliza mawili. Kwanza, upande wangu ukishinda, nani atalala njaa usiku ule wa sherehe? Pili, je, nitaweza kuwaambia wenzangu kwamba hapa tunakosea, na nikabaki hai? Ndiyo maana nasimama na Dola, ile ile iliyotaka kunikata kichwa bila jina langu kuandikwa popote. Si kwa kuipenda. Ni kwa sababu ya yule mama wa Kidunmer pale mlangoni, ambaye hakuna aliyemuuliza yeye yuko upande gani.

Atakayenipinga kwa ajili ya wale wanaokamatwa wakimwomba Talos, namsikiliza. Atakayenipinga kwa sababu tu Ralof alimkarimu vizuri, huyo bado hajachagua. Amechaguliwa.