Urithi wa Mababu na Maji ya Ubatizo

Wapenzi wakatekumeni, mtu anapojiandaa kwa Ubatizo, sauti mbili humjia. Ya kwanza husema: "Mambo yote ya mababu ni ya shetani, choma vyote, sahau vyote." Ya pili husema: "Pokea maji ya padri mchana, na usiku urudie mambo ya kale, hakuna ubaya." Basi mkatekumeni husimama kama mtu aliyetia mguu mmoja ndani ya mtumbwi, na mguu wa pili ungali ukingoni mwa Lualaba. Mtumbwi ukisogea, ataanguka majini. Je, hakuna njia ya tatu?

Sikilizeni mfano.

Kijana mmoja wa upande wa Pangi alikaa Kindu akisoma katikisimu. Babu yake, mzee wa Bwami, akafa. Kijana alipofika matangani, baba yake mdogo akampa kichwa kidogo cha pembe ya ndovu, akisema: "Mwanangu, kitunze hiki mpaka apatikane wa kukirithi. Na kesho mpiga ramli atakuja. Watu wanasema mjane ndiye aliyemroga babu yako. Wewe umesoma, neno lako likiungana na letu, atafukuzwa."

Usiku ule mkatekumeni mwenzake aliyemsindikiza akamnong'oneza: "Ndugu, twende zetu. Kitupe kitu hicho mtoni. Hata kaburini usifike. Mambo ya wapagani wayamalize wenyewe."

Angalieni vema. Mashauri hayo yalipingana kama moto na maji. Lakini yote mawili yalimwacha mjane peke yake.

Kijana hakulala. Alikumbuka mafundisho ya babu. Katika Bwami, Walega walipanda ngazi kwa ngazi, wanaume hata kufika Kindi, na wanawake nao walikuwa na ngazi zao. Walifundishwa kwa mithali, kwa ngoma, na kwa sanamu ndogo, kwamba mtu mkubwa ni yule anayetawala hasira yake na kuleta amani. Serikali ya Wabelgiji iliupiga Bwami marufuku mwaka 1948. Lakini hekima iliyokaa moyoni mwa mtu haifutwi kwa barua ya serikali.

Tena mtu asidhani kwamba jaribu hili ni la Waafrika peke yao. Zamani, katika nchi ya Wagali, ambayo leo ni Ufaransa, na katika kisiwa cha Uingereza, walikuwako wazee wa dini walioitwa Wadruidi. Julius Caesar, jemadari wa Roma, aliandika kwamba wengine walijifunza hata miaka 20, wakiyashika mafundisho kwa kichwa pasipo kuyaandika. Walifundisha kwamba roho haifi. Aliandika pia kwamba walisimamia sadaka za kuua watu. Katika kapu moja, basi, mlikuwa na mbegu njema na sumu.

Je, Kanisa lilifanyaje na desturi za namna hiyo? Mwaka 601 Papa Gregori Mkuu alimwandikia abati Mellitus, aliyekuwa safarini kwenda kwa Waingereza, ambao siku zile waliabudu miungu mingi. Aliagiza sanamu za miungu zivunjwe, lakini nyumba zenyewe za ibada zisibomolewe, ila zinyunyiziwe maji ya baraka na kuwekwa altare. Ng'ombe waliowachinjia miungu, sasa wawachinje kwa karamu ya kumshukuru Mungu. Hakusema, "Bomoeni vyote." Wala hakusema, "Acheni vyote kama vilivyo."

Kulipopambazuka, kijana alikwenda kaburini. Alilia kama mjukuu anavyomlilia babu, akapiga magoti, akamwombea kwa Mungu. Kisha akarudi barazani, akamwambia baba yake mdogo mbele ya watu wote: "Baba, kitu hiki nimekipokea kwa heshima. Nitakitunza kwa ukumbusho, lakini sitakitolea sadaka, kwa maana si mungu. Babu alitufundisha amani, na Yezu amenifundisha kuwapenda hata wanaonichukia. Ni nani aliyemwona bibi akiua? Ramli haina macho. Sitamshitaki. Mkimfukuza, atakaa nyumbani kwangu."

Baraza lilikasirika. Mbuzi wa urithi hakupewa. Jioni ile alirudi Kindu, na nyuma yake alitembea mwanamke mzee mwenye mzigo wake kichwani. Rafiki yake, kwa aibu, aliupokea ule mzigo akaubeba.

Basi mmeona, wapenzi, kwamba njia ya tatu si kuchanganya nusu ya hiki na nusu ya kile. Uji uliochanganywa na majivu haufai kwa mlo wala kwa shamba. Njia ya tatu ni Yezu Kristu mwenyewe, anayepima yote. Nayo ina gharama. Kutupa vyote ni rahisi. Kushika vyote ni rahisi. Kupambanua kunadai moyo mzima.

Kanisa la Kongo limetembea katika njia hiyo. Mwaka 1988, nchi ilipoitwa Zaire, Roma ilikubali Misa yenye utaratibu wa nchi hii. Ndani yake, baada ya Watakatifu, huitwa pia mababu wenye moyo mnyofu, waliomtafuta Mungu. Hawaabudiwi, wanaalikwa kusali pamoja na watoto wao.

Yashikeni haya kwa moyo:

Swali: Mkristu afanye nini na desturi ya mababu?
Jibu: Aipime kwa maswali mawili: Je, inampa kiumbe heshima ya Mungu? Je, inamdhuru jirani?

Swali: Ikiwa haina kosa hilo wala hili?
Jibu: Aishike kwa shukrani, kwa maana kila jema latoka kwa Mungu.

Swali: Ikiwa njema imechanganyika na mbaya?
Jibu: Aitakase, kama mama apetavyo mpunga: haachi makapi, wala hatupi punje.

Naye mwenye ungo mkononi asisahau kumtazama mjane aliyeketi mlangoni.