Masuke Yaliyoangushwa Kusudi

Neno la siku za Noeli. Somo: Ruthu 2, 14–18.



Siku za Majilio zimetufikia tena. Wana wetu walio mijini wanajiweka tayari kurudi nyumbani, mafundi cherehani hawalali, na kila mwenye mbuzi anamtazama kwa jicho jingine. Nasi katika sharika zetu tumekwisha kuanza kukusanya vitu vya maskini, yaani nguo, mahindi, chumvi na sabuni. Kazi hii ni njema, wala hatuandiki ili kuipunguza. Twaandika kwa sababu ya jambo moja tulilolikosa sisi wenyewe, nasi twaogopa lisije likakoswa na wengine.

Miaka kadhaa iliyopita, katika ibada ya siku kuu, tuliviweka vitu vyote mbele ya madhabahu. Kisha tukasoma majina ya maskini katika karatasi, nao wakaja mmoja mmoja huku usharika ukiimba. Kila mmoja alipewa fungu lake, akageuka kuwaelekea watu, akashukuru. Tulirudi nyumbani na furaha nyingi. Hata hesabu ya waliosaidiwa tukaiandika katika taarifa ya mwaka, kwa wino mweusi, tukapiga mstari chini yake.

Januari ikapita, ndipo tukaona ya kuwa mahali pa mjane mmoja pamekuwa wazi. Naye alikuwa mtu asiyekosa ibada hata siku za mvua. Tukadhani ameugua, tukaenda kumtazama. Tulimkuta shambani akipalilia, mzima kabisa. Akatukaribisha kwa heshima, akatupa ndizi, tukala. Tulipomwuliza, alinyamaza kitambo, kisha akasema: “Mchungaji, mwanangu, mahindi yale tuliyala siku nane, yakaisha. Lakini jina langu mlilolisoma bado lingali linaliwa. Wajukuu wangu wakigombana na wenzao njiani huambiwa, Nyamazeni, ninyi watoto wa debe la kanisa.”

Hatukuwa na neno la kumjibu, ila kumwomba radhi. Tulirudi tukiwa na uzito moyoni, na siku zile ndipo tulipokisoma tena Kitabu cha Ruthu kama watu wasiopata kukisoma.

Wengi wanakijua kisa chake. Mjane wa Moabu amefuatana na mkwewe Naomi mpaka Bethlehemu, wakati wa mavuno ya shayiri, wala hawana kitu. Anakwenda kuokota masazo nyuma ya wavunaji. Nalo halikuwa ombaomba, maana Torati ilikuwa imekwisha kuamuru (Walawi 19, 9–10, tena 23, 22) ya kwamba mwenye shamba asivune mpaka pembeni, wala asirudi kuokota yaliyoanguka, hayo ni ya maskini na ya mgeni. Basi Ruthu alikwenda kuchukua haki yake. Walakini, ndugu, amri yaweza kutimizwa kwa uso mgumu. Mvunaji aweza kumwachia maskini masazo, huku akimkemea kila ainamapo.

Boazi alilijua jambo hili. Wakati wa chakula alimwita Ruthu aketi kando ya wavunaji, achovye mkate wake pamoja nao, akampa bisi, akala akashiba, akabakiza. Hakumtengea mahali pa maskini. Kisha Ruthu alipoondoka kwenda kuokota tena, Boazi akawaagiza vijana wake mambo mawili: wamwache aokote hata katikati ya miganda, wasimwaibishe, tena wamchomolee masuke kusudi na kuyaacha yaanguke njiani pake, wala wasimkaripie.

Tafadhali angalieni maneno haya alimwambia nani. Aliwaambia wavunaji, Ruthu hakuambiwa. Yeye aliendelea kuinama na kuokota kama desturi, na bila shaka aliona tu ya kuwa siku ile shamba lina baraka. Jioni akayapura aliyoyaokota, akapata kama efa moja ya shayiri, akajitwika mwenyewe, akaingia mjini kwa kichwa kilichoinuka. Boazi hakumwondolea kazi yake, bali aliizidishia matunda. Na mkwewe alipouliza, Ruthu aliweza kusema alikofanya kazi siku hiyo. Hakulazimika kusema alikohurumiwa.

Shamba lile lilikuwa Bethlehemu. Mathayo katika sura ya kwanza (1, 5) awataja Boazi na Ruthu miongoni mwa wazee wa Bwana wetu, na katika mji huo huo Mariamu alimzaa mwanawe akamlaza horini. Twajua alivyokuwa Mariamu kwa habari ya mali. Luka asimulia (2, 24) ya kuwa walipompeleka Mtoto hekaluni sadaka yao ilikuwa ya ndege wawili, nayo Torati iliweka sadaka hiyo kwa mwanamke asiyeweza kupata mwana-kondoo (Walawi 12, 8). Kama pangalikuwa na karatasi ya majina siku zile, jina la mama wa Bwana lingalikuwamo. Sisi tungalimwita mbele, tungalimgeuza awaelekee watu, tungalimpa sabuni. Lakini yeye alikwenda na sadaka mkononi, kama waabuduo wengine.

Na Mtume Paulo, alipowaonya Wakorintho kwa habari ya karamu yao (1 Kor. 11, 22), aliwashtaki kwa kuwatahayarisha wasio na kitu, akaita jambo hilo kulidharau kanisa la Mungu. Neno hilo ni zito, nasi hatuwezi kulipita.

Lakini mwenzetu mmoja, mtunza fedha, alitupinga kwa haki. Akasema: “Boazi alikuwa na shamba lake mwenyewe. Sisi twatoa mali ya wengi. Tukigawa kwa siri, mwizi atapata nafasi, na watu watanung’unika ya kwamba vitu vimeliwa na wazee.” Hofu hii si ya bure. Paulo naye aliiona, ndiyo maana aliwatuma ndugu zaidi ya mmoja kwenda pamoja na changizo la Yerusalemu, asije akalaumiwa (2 Kor. 8, 18–21).

Jibu la swali hili tulilipata katika habari za Matengenezo ya Kanisa. Mwaka 1523 usharika wa mji mdogo wa Leisnig, katika nchi ya Saksonia huko Ujerumani, uliandika kanuni ya sanduku la wote, naye Martin Luther akaiandikia dibaji yake. Sanduku lile lilifungwa kwa makufuli manne yasiyofanana. Ufunguo mmoja walikuwa nao wakuu, wa pili baraza la mji, wa tatu wenyeji wa mji, na wa nne wakulima wa vijijini. Hivyo hapakuwa na mtu aliyeweza kulifungua peke yake. Wasimamizi walikuwa kumi, nao walikutana kila Jumapili. Mara tatu kwa mwaka usharika wote ulikusanyika kusikia habari za hesabu. Katika fedha hizo walitunzwa yatima, wazee na wagonjwa; tena fundi aliyepungukiwa aliweza kukopeshwa, na nafaka iliwekwa akiba kwa siku za njaa. Wala tusidhani kazi ile ilikuwa rahisi. Baraza la mji lilisita kuitoa mali iliyopasa kutiwa sandukuni, na Luther alipata taabu nyingi kwa ajili yake.

Mnaona hekima yao? Iliyopaswa kuonekana na watu wote ni fedha, pamoja na wale waliokabidhiwa kuitunza. Sisi tulifanya kinyume: hesabu tuliifungia kabatini, maskini tukamsimamisha mbele ya watu. Na siku hizi jambo limezidi, kwa maana wako wanaokwenda na simu za kupigia picha, na picha ya mjane akipokea sabuni hufika mbali kabla sabuni yenyewe haijafika nyumbani kwake.

Basi tangu siku zile tumejaribu kutengeneza mambo hivi, nanyi walimu na wazee mtaona kama yafaa kwenu. Jumla ya vilivyotolewa na vilivyogawiwa husomwa kanisani waziwazi, pasipo jina la apokeaye. Majina huyajua mzee wa mtaa pamoja na wawili wengine, mmoja wao akiwa mama, kwa kuwa mama huona chungu kisichopikwa kabla mwanamume hajauliza. Mzigo hupelekwa jioni. Afadhali achukuaye awe jirani aliyezoea kuingia nyumba ile, mtu asiyemshangaza yeyote akionekana mlangoni na kikapu. Tena hatumalizi vyote siku ya Noeli. Siku hiyo hata maskini hualikwa mahali, hupata kipande cha nyama. Januari watoto hufungua shule wakitakiwa madaftari na viatu, na mwezi wa tatu, mahindi mapya yakiwa bado mafupi, hakuna aimbaye wala agawaye. Kwa hiyo nusu ya sadaka huwekwa kwa ajili ya miezi hiyo. Wengine walinung’unika kwamba Noeli yetu imekuwa nyembamba. Tukavumilia.

Liko na jambo jingine ambalo lataka kusemwa bila kuzunguka. Wako wampao mjane kanga siku ya Noeli, na mjane huyo aliwapalilia shamba tangu Oktoba wala hajalipwa ujira wake. Sura ile ile ya Walawi inayoagiza masazo yaachwe, yaagiza pia (19, 13) kwamba ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi. Kanga ya namna hiyo ni deni lililokunjwa vizuri. Mwenye kudaiwa na alipe kwanza, kisha alete sadaka.

Na yule mama? Mwaka uliofuata fungu lake lilipelekwa na jirani, jioni, kwa njia ya migombani. Wajukuu walikuwa wamekwenda kuteka maji. Jirani aliweka kikapu jikoni, wakazungumza habari za mvua, akaaga. Siku ya Noeli tulimwona mama ameketi mahali pake pa siku zote, pamoja na wale watoto wawili. Sahani ya sadaka ilipomfikia alifungua pindo la kanga yake, akatia alichokuwa nacho, akampitishia mwenzake sahani.