Ushabiki wa Mpira, Fujo na Vijana Wetu



Katika Matendo ya Mitume, sura ya 19, tunasoma habari za ghasia zilizotokea Efeso. Watu walijazana mahali pa michezo wakapiga kelele kwa muda wa kama saa mbili. Mtakatifu Luka anatuambia jambo la ajabu: wengi wao hawakujua hata sababu ya kukusanyika kwao. Demetrio mfua fedha, aliyeanzisha fujo ile, alijua anachokitaka, maana biashara yake ilikuwa hatarini. Wale wengine walifuata tu kwa kuwa wenzao walikuwa wanakwenda.

Tumeikumbuka habari hii kwa ajili ya fujo za viwanja vya mpira. Mpira wenyewe si dhambi. Songea ilifurahi kwa haki Majimaji ilipotwaa Ligi ya Muungano mwaka 1985, na tena mwaka 1986. Nazo Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, zimeigawa nchi nzima, hata nyumba moja ikawa na pande mbili. Tunaziita watani wa jadi. Jina hilo ni zuri. Mtani hukutukana na kukucheka, lakini ukifiwa, yeye ni wa kwanza kufika na kushika jembe.

Hata hivyo, tarehe 1 Oktoba 2016, timu hizo zilipokutana Dar es Salaam, ugomvi juu ya bao moja uliwafanya washabiki wang'oe viti vya Uwanja wa Taifa, mali ya wananchi wote. Serikali ikazizuia timu zote mbili kuutumia. Huko Ulaya yalitokea makubwa zaidi. Tarehe 29 Mei 1985, katika uwanja wa Heysel mjini Brussels, washabiki wa Liverpool waliwavamia wale wa Juventus kabla mchezo haujaanza. Watu walikimbia, wakabanwa ukutani, ukuta ukaanguka, wakafa watu 39. Walikuwa wametoka nyumbani kwenda kutazama mpira.

Je, kwa nini kijana hujiunga na kundi la namna hiyo? Upesi tunasema: ni bangi, ni pombe, ni uvivu. Hayo yapo, lakini tusijidanganye kuwa ni hayo tu. Tulimwuliza kijana mmoja wa mtaa wetu, aliyepata Kipaimara hapa hapa pamoja na wenzake. Alitujibu kwa upole kwamba asipofika kijiweni siku moja, jioni wenzake humfuata nyumbani kuangalia kama anaumwa. Kanisani alikosa miezi mitatu, wala hakuna aliyekwenda kupiga hodi.

Hatukuwa na la kujibu.

Ndugu, mtu hakuumbwa akae peke yake. Kundi humpa kijana jina, nguo ya kuvaa, wimbo wa kuimba na watu wa kumtetea. Hayo si mabaya. Sisi nasi katika Ubatizo tulipewa jina, vazi jeupe na ndugu wa kuimba nao. Ubaya huanza kundi linapodai malipo, yaani kijana aonyeshe kuwa anawapenda wenzake kwa kuwachukia wengine. Akiwa peke yake asingerusha jiwe. Akiwa katikati ya watu mia huona kama mkono ule si wake. Lakini Torati inatuonya tusiwafuate walio wengi katika kutenda uovu (Kutoka 23:2), na mbele ya Mungu kila mmoja atajibu kwa mkono wake mwenyewe.

Bwana wetu naye alikusanya kundi. Ndani yake alikuwamo Mathayo, aliyewatoza watu ushuru, na Simoni Zelote, ambaye kwa desturi asingekaa meza moja na mtu wa namna hiyo. Yesu aliwaita wote wawili, wala hakumdai yeyote chuki ili awe wake.

Basi tufanye nini? Wazazi, mtoto akirudi kutoka uwanjani tusimwulize matokeo tu. Tumwulize pia alikuwa na nani. Wazee wa kanisa, tufungue daftari la Kipaimara la miaka mitatu iliyopita, na kwa kila kijana asiyeonekana, mtu mmoja aende kwao kabla ya Jumapili ijayo. Asiende kukaripia, bali aende kumjulia hali. Nanyi vijana, shangilieni na mtaniane. Lakini mkiona mkono unainama kuokota jiwe, jiulizeni swali ambalo watu wa Efeso hawakujiuliza: tumekuja hapa kwa ajili gani?

Nasi tuliochelewa miezi mitatu kwa yule kijana mmoja, tutaanza na nyumba yake.

Mungu atusamehe uzembe wetu, na atupe miguu ya kuwafuata walio wake. Amina.